Usiniulize Upande wa Kupiga

Kasha, jioni ya kuamkia safari yako

Ansima mwanangu,

Habari za sabuni, za nguo ya baridi, za kusali na za vijana wa njiani, mamako amekwisha kukuambia tangu Jumapili, na sasa hivi ninamsikia akizirudia tena huku anafunga sambaza, vile visamaki vikavu vya ziwa, ndani ya kitambaa. Mimi sitaongeza kitu. Ukifika kule bila sabuni, utanunua sabuni.

Ninakuandikia juu ya swali lako. Juzi, pale kwenye kiwanja cha parokia, ulishika fimbo ya gofu ukaniangalia machoni ukaniuliza, "Papa, kwa tonton Déo nisimame upande gani, kushoto ao kuume?" Nikajifanya nimeona mvua inakuja. Nikasema tukusanye mipira twende. Mvua yenyewe haikunyesha. Ulijua kwamba ninakimbia, maana uliokota mipira, ukatangulia njiani bila kuningoja.

Najua utacheka kuona ninaandika Kiswahili cha kanisa, mimi ambaye kwa mdomo ninaongea kama watu wote wa hapa Bagira. Ni hivi masista walitufundisha kuandika barua. Na tena, kikiwa hiki cha kanisa ninaweza kukuambia mambo ambayo kile cha nyumbani kingeniliza.

Unajua kwamba nilikuwa kadi, mbeba mifuko ya wacheza gofu. Lakini sijawahi kukuambia vizuri nilijifunzaje kupiga, kwa sababu kila mara nilikuwa ninakusimulia ile sehemu ya kuchekesha. Kile kiwanja kilikuwa juu ya shamba la chai, mashimo sita tu, yote kwenye mteremko, na ng'ombe wa jirani ndio waliokata majani. Leo ni nyumba na mihogo. Nilikupeleka siku moja nikuonyeshe, tukakuta mama mmoja anaanika unga pale palipokuwa shimo la tatu, akatuuliza tunatafuta nani.

Kulikuwa na mzungu mmoja, mtu wa kilimo, tulimwita bwana Luc. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Vita ilipoingia akaondoka na sanduku moja, na mfuko wake wa fimbo akanipa mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa ninaubeba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Furaha niliyokuwa nayo siku ile, Ansima! Hakuna kadi hata mmoja aliyekuwa na fimbo zake mwenyewe. Nilipita nazo katikati ya Kasha mfuko umening'inia begani, watu wanatoka milangoni, na mimi natembea polepole kusudi wanione vizuri.

Zilikuwa za kushoto zote. Mimi ni wa kuume, unanijua. Lakini ndizo zilizokuwepo, kwa hiyo nikaanza kusimama upande wa kushoto nyuma ya nyumba, ninapiga vibunzi vya mahindi. Nyanya yako, Mungu amlaze, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Weye mutoto, unafanya nini na ile mukono? Mukono ya kushoto ni ya choo! Batu bakikuona batasema miye sikukulea?"

Nikamwambia, "Mama, fimbo njo ziko hivi."

"Basi zigeuze!"

Nikazigeuza. Ni kweli kabisa ninachokuandikia, mwanangu. Kusudi mama asione haya mbele ya majirani, nilisimama kuume na fimbo za kushoto, nikapiga kwa mgongo wa chuma. Nilipiga hivyo kwa muda mrefu. Mpira ulikuwa unakimbia chini chini kama panya, lakini ulikuwa unaenda, na mwishoni nilianza kujua utasimama wapi. Makadi wengine walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Mimi nilikuwa ninawafunga.

Halafu akaja daktari mmoja wa hospitali, Mkongomani mwenzetu aliyesoma Ulaya. Akaniona ninapiga kwa mgongo wa fimbo. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema, "Kijana, unaendesha gari kwa kurudi nyuma. Simama kushoto, kama fimbo inavyotaka." Nikaona haya. Haya ile ilikuwa kubwa kuliko haya ya nyanya yako, kwa sababu huyu alikuwa amesoma. Siku ileile nikaacha mgongo wa fimbo, nikaenda kushoto.

Nataka uelewe kitu kimoja hapo. Daktari alikuwa na haki. Kushoto kulikuwa kuzuri zaidi. Lakini mimi sikuacha kwa sababu nilikuwa nimeona kuzuri zaidi. Niliacha kwa sababu mtu alicheka. Na nilipofika kushoto, yale yote niliyokuwa ninayajua juu ya mpira yakapotea, nikaanza tena kupiga ardhi kama mtu anayetafuta viazi. Ikanichukua misimu miwili ya mvua kurudi pale nilipokuwa. Lakini nilirudi, na nikapita. Mwishoni, Ansima, nilikuwa ninapiga kushoto vizuri kweli. Sitajisifu, lakini kulikuwa na wageni waliokuwa wanasimama kuniangalia, na bwana mmoja Mhindi wa duka la vitambaa alinipa soda yake mwenyewe.

Wakati ule Déo, huyu unayemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa kadi pamoja nami. Yeye alikuwa na fimbo moja tu ya kuume, iliyovunjika mpini. Akaitengenezea mpini wa mti. Na aliishika vibaya: mkono wa kuume juu, wa kushoto chini, vilevile alivyokuwa akishika jembe kwa mama yake. Kila mgeni aliyempita alimwambia abadilishe mikono. Daktari alimwambia. Mhindi alimwambia. Mimi nilimwambia, tena kwa madharau. Déo alikuwa anajibu, "Ndiyo, asante," halafu anapiga vilevile. Tulimwita Mulimaji. Nilidhani ni kichwa kigumu tu.

Kisha siku moja habari ikafika kwamba kiwanja kimoja cha ng'ambo ya mpaka kinatafuta vijana wawili: wabebe mifuko kwanza, halafu wafundishwe kufundisha. Chumba, chakula, mshahara wa kila mwezi. Wakati ule mamako alikuwa na mimba yako. Unaweza kufikiri nilivyoitaka ile kazi. Nilikuwa ninalala ninaiwaza na kuamka ninaiwaza.

Wiki moja kabla ya kwenda, dereva wa mgeni mmoja akaniambia pale kwenye maegesho, anakula muhogo, hana haraka yoyote: "Kule habakubali batu ba kushoto. Fimbo zote ziko za kuume." Ni hayo tu. Mtu ambaye hakuwahi kushika fimbo maishani mwake. Sikumuuliza amejuaje. Sikwenda kumuuliza daktari, sikumuuliza yeyote. Nikaazima fimbo ya kuume, nikaanza upya, asubuhi na jioni mpaka viganja vikatoka damu. Mamako akaniambia, "Weye, kwa nini hauendi na ile unajua?" Nikamjibu kwamba mambo ya gofu hayaelewi.

Fimbo za bwana Luc nikaziacha nyumbani, chini ya kitanda.

Tulisimamishwa mstari mmoja, Wakongomani na Wanyarwanda pamoja, mzungu mmoja anaangalia na mabwana wawili wanaandika. Nilipiga wa kwanza, nikakata majani. Wa pili ukaenda hatua chache, ukasimama. Wa tatu sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba mikono haikuwa yangu. Upande ule wa mgongo wa fimbo ulikuwa umekwisha kusahaulika, upande wa kushoto ulikuwa Kasha, na huu mpya ulikuwa haujanijua. Nilitafuta pa kukimbilia ndani ya mwili wangu, sikupata.

Déo akaja nyuma yangu. Mikono imegeuka, miguu imepanuka, akalima. Mpira ukaenda chini, si mbali, ukasimama katikati. Akalima tena, ukasimama pembeni ya ule wa kwanza. Akaendelea hivyo, yote ikakusanyika pale kama mayai ya kuku. Vijana wengine walicheka mwanzoni. Mzungu hakucheka. Wakamchukua Déo.

Tulipokuwa tunaondoka, mmoja wa wale mabwana akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikamweleza mambo ya kushoto. Akashangaa. "Mbona hukusema? Katibu wetu ni wa kushoto. Fimbo zake ziko palepale ndani, angekuazima." Nilimshukuru. Nilitembea kwa miguu mpaka mpakani, na mpaka leo nikipita karibu na mtu anayekula muhogo amesimama, ninavuka upande wa pili wa barabara.

Mengine unayajua, uliyaishi. Nilikwenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Shimo letu lilipoanza kuonyesha rangi, mtu akaniambia Bunyakiri kuna faida kwenye mafuta ya mawese, nikaacha sehemu yangu nikaenda. Bunyakiri nilipoanza kujua wauzaji, nikasikia kwamba ujenzi mjini unalipa. Mamako alikuwa anauza samaki pale sokoni Kadutu, meza ileile, jua na mvua, na ndiye aliyekulisha. Mimi nilikuwa ninarudi na habari mpya. Kila mara niliacha mahali palepale, Ansima: pale kitu kinapoacha kuwa kipya na bado hakijaanza kulipa. Nilikuwa ninapaona pale kama ukuta. Sasa nimekuwa mzee, mlinzi wa geti la nyumba ambayo wenyewe wamekimbia, nina muda wa kufikiri, na ninaona kwamba haukuwa ukuta. Ilikuwa tu sehemu ya njia isiyokuwa na mtu wa kukupigia makofi.

Nilikuwa nimeapa sitakugusisha fimbo. Wewe ndiwe uliyeuvuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa mdogo, ukachukua fimbo fupi kuliko zote, ukasimama kushoto bila kuambiwa, kwa sababu chuma kilikuwa kinaangalia kule. Ukapiga ganda la parachichi likapita juu ya kuku. Nyanya yako alikuwa angali hai. Nikamwangalia ninangojea mwiko. Akasema tu, "Hii nyumba imelaaniwa," akarudi jikoni akicheka peke yake.

Ile miaka ya jioni zetu pale parokia, ninakuambia bila kuficha, ndiyo mizuri kuliko yote niliyopewa. Hata huu mwaka mbaya wa vita. Hata siku zile watu walikuwa hawatoki, sisi tulitoka kidogo, tukapiga mipira kuelekea mihogo ya padri. Mamako alikuwa anagomba kwamba tutapigwa risasi kwa ajili ya mchezo. Alikuwa na haki.

Lakini hapa kuna jambo ambalo lazima niliandike. Unakumbuka ile jioni uliyotupa fimbo chini. Nilikuwa nimeona video kwenye simu ya jirani, mchezaji mmoja anaweka miguu mbali mbali, nikaja mbio nikakuambia uachanishe. Ukalia. Hujawahi kunilia hivyo tangu ukiwa mtoto.

"Papa, jana ulisema niweke karibu! Juma ingine ulisema niangalie bega, kiisha ukasema nisiangalie bega. Nifate papa gani?"

Nilikaa kwenye majani, nikakupa mgongo. Ulifikiri nimekasirika, ukaja kuniomba msamaha, ukanishika mkono. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimemwona yule dereva. Nilikuwa nimewaona wote, daktari, dereva, mtu wa Bunyakiri, wote walikuwa wamekaa ndani yangu, na kila jioni walikuwa wanatoka mmoja mmoja kuja kukuchezea mikono. Mimi ambaye nilikuwa ninafikiri ninakufundisha! Niliogopa, mwanangu. Usiku ule ndipo nilipomtumia Déo sauti kwenye simu, akupokee kule kiwanjani kwake, baada ya miaka yote ya kumwonea wivu bila hata salamu.

Jibu lake umelisikia nusu tu. Nusu nyingine niliizima kabla hujaingia. Alisema, "Ndugu, mutoto nitamupokea kama wangu. Fimbo za kuume ziko mingi hapa, ya kushoto iko moja tu, lakini iko. Achague yeye. Miye sina shida na mukono gani. Shida yangu ni asikuje na mbili. Batamuangalia mvua yote hii, kiisha batamupima." Halafu nikasikia ndege wa kule wanalia, kisha akasema: "Na weye, ndugu, umuachilie." Hiyo ndiyo nusu niliyoificha.

Kwa hiyo unajua kinachokungojea. Wakikukubali mwisho wa mvua, utakuwa na kazi, chumba, na mahali pa kulala bila kusikiliza barabara. Wasipokukubali utarudi hapa, na hapa unapaona mwenyewe: banki imefungwa, shule inafunguliwa na kufungwa, vijana wenzako wamekaa ukutani tangu asubuhi. Sikuandikii hivi kukutisha. Ninataka tu ujue kwamba ninajua.

Sasa swali lako. Moyo wangu unataka kushoto. Nimeshakuambia, basi, usijisumbue kulitafuta jibu langu. Lakini uiangalie vizuri sababu yangu: ninataka kushoto kwa sababu ndimi niliyekufundisha kushoto, na kwa sababu siku ile fimbo zangu zilibaki chini ya kitanda. Hiyo ni sababu yangu mimi, haikuhusu. Wewe mikono yako bado ni laini, unaweza kwenda kuume na Déo akakujenga upya, na ukafika. Kushoto pia utafika. Hata kwa mgongo wa fimbo mtu angefika, nimeshaamini hivyo. Nilikuwa ninawafunga wote.

Kwa hiyo uchague ndani ya basi, ukiangalia dirishani, kabla hujamwona Déo. Usimwambie wa kiti cha pembeni. Kisha siku itakuja, labda mwezi wa pili, labda wa tatu, mpira utakataa. Asubuhi utapiga vibaya kuliko ulivyokuwa unapiga hapa, mtu atacheka, na mwingine, mtu mwema kabisa, atakuja na neno tamu: ungejaribu hivi. Utasikia ule upande mwingine unakuita, utaona ndio uliokuwa wako tangu mwanzo. Mimi niliusikia kila mara, na kila mara niliitika. Siku ile sema "Ndiyo, asante," kama Mulimaji, halafu piga vilevile. Ulie kama unataka kulia. Sikukatazi kulia.

Fimbo za bwana Luc zinabaki. Ukiamua kushoto, Déo anayo moja. Ukienda na mfuko mzima utakuwa umenibeba mimi mgongoni, na mimi ni mzito.

Imebaki sehemu iliyonifanya nichukue kalamu. Utakuwa unanipigia simu. Nitakuwa ninaingojea pale getini, simu iko mfukoni upande wa moyo. Uniambie mnakula nini, kama kuna baridi, kama Déo amezeeka. Uniulize habari za mamako, za mbuzi, za barabara. Lakini usiniulize habari za kupiga. Ukiniuliza nitakujibu, ninajijua, siwezi kujizuia. Utasema mpira unakwenda kuume, na kabla hujamaliza nitakuwa nimekuambia ugeuze bega, na kesho yake nitakutumia video. Nitakuharibu, mwanangu, na nitakuwa ninakupenda wakati wote ninapokuharibu.

Shida ni kwamba mimi na wewe hatukuwa na mazungumzo mengine. Na mamako unaongea mambo yote. Na mimi ilikuwa ni miguu, bega, mkono, rudia, vizuri, rudia. Sijui nitakuambia nini kwenye simu. Nimejaribu kufikiria tangu saa za mchana, nimepata habari za mbuzi tu, na mbuzi mwenyewe ni mmoja.

Kesho nitakusindikiza mpaka mto Ruzizi, pale kwenye kizuizi cha mpakani. Nitabeba sanduku. Mamako atalia kwa nguvu, wewe utamtuliza, halafu utanigeukia, ninakujua, utaniuliza tena polepole kusudi yeye asisikie: papa, upande gani?

Nitakujibu: umuulize Déo. Nitalisema hivyo kavu, na nitaangalia maji. Usifikiri nimekasirika. Vuka.

Papa yako